Profesa na Saladi Zilizoteswa

Duniani hapajatokea mtu wa kuzitia mbegu adabu kama Profesa! Cheo hicho alijipa mwenyewe siku aliyorudi kutoka semina ya siku mbili, kifua mbele kama vile yeye ndiye aliyegundua mvua.

Mama Miche alimtazama akajua kazi imeingia mdudu. Miaka kumi na minane alikuwa akiotesha miche katika kitalu kile, na mara tatu bosi alikuwa amemwahidi usimamizi. Huyu Profesa alikuwa shemeji yake, mdogo wa mumewe. Mama Miche ndiye aliyemwombea kazi, akamfundisha hata kushika ndoo ya kumwagilia. Leo bosi kasikia neno "semina", moyo umemyeyuka kama siagi juani!

"Kila mmoja ataotesha trei kumi za saladi," bosi akasema. "Siku ya nane nakagua. Atakayeshinda ndiye msimamizi."

Profesa akaanika mbegu zake juu ya bati, jua la saa saba, siku mbili mfululizo.

"Shemeji, unazikaanga?"

"Nazikomaza! Mbegu ikipigwa na joto inatengeneza protini za kujikinga. Ikiteseka, inakuwa askari!"

"Joto likizidi, saladi inagoma kuota. Na usiifukie. Inataka kuona mwanga."

"Kwani mbegu ina macho?"

"Inakushinda wewe."

Kumbe habari za joto kuzidi na habari za mwanga zilisemwa kule semina baada ya chakula cha mchana, na saa hiyo Profesa alikuwa anakoroma.

Akachota udongo nyuma ya ghala, kwenye makao makuu ya magugu, akautia kwenye trei jinsi ulivyo. Mbegu akazizika kina cha kidole kizima. Mama Miche alinyunyiza zake juu juu, akazigandamiza kwa kiganja, akazilowesha, akaziweka mahali penye mwanga pasipo na jua kali.

Siku ya sita, trei za Profesa zikawa kijani! Jamaa akacheza peke yake. Mama Miche alichungulia, akaona kilichoota, akafunga mdomo. Miaka yote hiyo amesema, nani alimsikia?

Siku ya nane bosi akafika. Kwa Mama Miche akakuta miche mifupi, imejipanga vizuri. Kwa Profesa akakuta msitu.

"Jeshi langu hilo, bosi!"

Bosi akang'oa mmea mmoja, akaunusa. "Hii ni saladi?"

"Saladi halisi! Imekomazwa na dhiki!"

"Kula."

Profesa akatafuna. Macho yakamtoka. Gugu lile hata mbuzi hulikwepa!

"Ikoje?"

"Ta... tamu, bosi."

"Basi maliza trei."

Bosi akafukua udongo kwa kidole, akaziona mbegu za saladi zimelala vilevile zilivyozikwa. Akamgeukia Mama Miche.

"Kuanzia leo, wewe ndiye msimamizi."

"Andika."

"Huniamini?"

"Mara tatu umeshasema. Safari hii andika."

Bosi akajipapasa mifuko yote, kalamu hana. Profesa alikuwa nazo nne kifuani. Basi ikabidi aandike yeye, mashavu yamejaa magugu, machozi yanamtiririka.

Mama Miche akaichukua karatasi, akampa bosi aisome kwa sauti. Mara mbili.