Kila Mgeni Aje na Kikombe Chake

Jumatatu, tarehe 9 Machi

Watazamaji wa jana katika ukumbi wangu wa sinema: wachache mno hata kuitwa watazamaji. Mmoja alilala. Mwingine aliingia kukwepa mvua, na mvua ilipokatika akaondoka zake, rubani akiwa bado yuko hewani. Wa tatu ni Shemeji, kaka wa mke wangu, mwenye duka la magodoro. Huyo haji kutazama filamu. Huja kutazama viti vitupu.

Inauma. Filamu hii ya kigeni nimeitia sauti zote za Kiswahili mimi mwenyewe: rubani, mchumba wake, baba mtu, polisi, nesi, muuza maua na farasi. Ndiyo maana mtaani naitwa Sauti Saba. Farasi peke yake alinichukua asubuhi nzima. Nani mwingine hapa mjini anaweza kulia kama farasi aliyesalitiwa?

Tena kwa shida gani! Natia sauti ndani ya stoo yetu, iliyopakana na sebule ya mama mkwe. Magodoro ya kuazima kwa Shemeji nimeyaegemeza kwenye kuta tatu ili kuzuia kelele. Ukuta wa nne, ule wa upande wa mama mkwe, uko wazi. Godoro la ukuta huo ninalilalia mchana. Msanii lazima apumzike.

Mke wangu, ambaye ndiye mkata tiketi wetu, ametoa hukumu tukiosha vyombo. Ukumbi usipojaa Jumamosi hii, nakwenda kuuza magodoro kwa kaka yake. Sare imeshashonwa. Mgongoni imeandikwa LALA NASI. Nimeingiwa na hofu kweli kweli. Nikizeeka nikibonyeza sponji mbele ya wateja, hizi sauti saba nitazipeleka wapi?

Jioni kwa kinyozi. Wanaume wazima walikuwa wanabishana juu ya chupa ya soda ambayo eti ukiigeuza unaona pembe za shetani. Wote walikuwa wameinunua. Wote walikuwa wameigeuza. Wazo likanijia papo hapo, kichwa kikiwa kimenyolewa upande mmoja. Nikaondoka hivyo hivyo.

Jumanne, tarehe 10 Machi

Mpango: kuvumisha kwamba filamu ya rubani ina ujumbe uliofichwa. Ujumbe wa kuwavuta watu kwenye dini, kichinichini, bila wao kujua. Dini gani? Hapo ndipo akili yangu ilipo. Sitaji! Kila mtu atadhani ni ya jirani yake.

Asubuhi nimerudi kwa kinyozi kumaliziwa upande wa pili. Nikamnong'oneza, nikamwapisha kwamba asimwambie mtu. Akaapa huku ameshika wembe. Kwa mtu wa kazi yake hicho ni kiapo kizito.

Nilipofika nyumbani, mke wangu akaniuliza kama nimesikia habari za ile filamu yangu inayobadilisha watu dini. Nimetoka kwa kinyozi kwa miguu, sikusimama popote, na habari imenitangulia. Tena imenenepa njiani. Sasa kuna mtu alitazama nusu tu, akaamka amesahau sala za baba yake.

Nikajifanya nimeshangaa kwa sauti ya nesi. Mke wangu akasema mchimba kisima huingia mwenyewe. Sikuelewa. Sijawahi kuchimba kisima maishani.

Jumatano, tarehe 11 Machi

Viti vya mbele vimejaa! Hakuna anayetazama filamu, wote wanaitafuta. Rubani akiinua vidole vitatu, minong'ono. Farasi akitikisa kichwa, minong'ono zaidi, na bibi mmoja akataka kujua alitikisa kuelekea upande gani. Wa dini hii wameona alama za dini ile. Wa dini ile wameona alama za dini hii. Mpango unakwenda kama ulivyopangwa, jambo ambalo halijawahi kunitokea.

Mwalimu mstaafu amejiteua kuwa mkuu wa uchunguzi. Ndiye aliyewafundisha watu wote wa mtaa huu kusoma, na hajawahi kukubali kwamba wamehitimu. Amewaamuru wafumbe macho, kwa hoja kwamba ujumbe wa siri huingilia masikioni. Ukumbi mzima ukafumba macho. Watu wametoa pesa zao kutotazama sinema. Nikaenda chooni kucheka, nikacheka kwa sauti zote saba.

Shemeji alikuwa mlangoni amenuna. Nikamuuliza kama magodoro yanatoka. Akasema yanatoka. Nikasema nafurahi kusikia, maana hapa kwangu hata pa kusimama ni shida. Uongo kidogo, viti vya nyuma vilikuwa vitupu, lakini raha niliyoipata haina bei.

Alhamisi, tarehe 12 Machi

Naandika haraka, nisamehewe mwandiko.

Upo. Ujumbe upo!

Kwenye onyesho la leo walifika pale rubani anapombusu mchumba wake kwenye uwanja wa ndege. Pale hapana maneno, ni pumzi tu, yake na yake, zote zangu. Mwalimu akanyoosha kidole. Kisha ikasikika, kwa mbali, nzito, kama inatoka chini ya sakafu: ndugu, njoo. Usiogope. Nafasi yako ipo.

Watu wakakanyagana. Wengine kutoka nje, wengine kusogea mbele wasikie vizuri.

Wakataka irudiwe. Nikairudisha. Mchumba anauliza rubani atarudi lini, na kabla rubani hajajibu, ile sauti inajibu kwamba ni kila Alhamisi saa tisa. Rubani anasema adui wamemzunguka. Sauti inasema tumieni mlango wa nyuma. Halafu, busu lilipokwisha, ikasema maneno yaliyonisimamisha nywele, kama ningekuwa nazo: kila mgeni aje na kikombe chake.

Kikombe! Mwalimu akasema kikombe ni moyo. Kinyozi akasema hapana, ni kaburi. Mama mmoja aliyebeba mtoto akasema labda ni kikombe. Hakuna aliyemsikiliza.

Mimi uongo huu nimeutunga mwenyewe, Jumatatu, nikiwa na nusu ya nywele. Umeingiaje ndani ya filamu? Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Sikujua kwamba huja haraka hivi.

Nimewaza tangu hapo. Huenda watengenezaji waliuficha. Lakini sauti zao niliziondoa zote. Huenda basi ninayo sauti ya nane, isiyo yangu. Huenda nimechaguliwa. Nimejitazama kwenye kioo, uso kwa upande. Kuna kitu pale, hasa nikiinua kidevu.

Ijumaa, tarehe 13 Machi

Asubuhi wamekuja wazee. Wazee wa dini zote mbili, ambao tangu nizaliwe hawajawahi kukaa benchi moja. Leo wamekaa, tena kwa kubanana, na wakawa wanamaliziana sentensi. Wakasema nimepandikiza sumu. Nikasema sijui lolote. Wakauliza basi sauti ile ni ya nani. Nikainua kidevu. Hawakuona kitu. Wakatoa amri: kesho watakuja wenyewe kutazama, na ile sauti ikisikika, ukumbi unafungwa kwa kufuli lao.

Nyuma yao akaingia Shemeji na mkokoteni, akabeba magodoro yake yote, hata lile ninalolalia. Akasema hataki bidhaa zake zihusishwe na dini ya siri. Nikamwambia ni wivu. Akasema sare inanisubiri, ameiongezea na kofia.

Mambo yalivyo: tiketi za kesho zimekwisha, za viti na za kusimama. Ukumbi utajaa, nimeshinda. Lakini ukijaa, utafungwa. Nikamwita mke wangu stoo, nikamvalisha spika zangu za masikioni, zile ninazovaa nikitia sauti, nikamwomba asikilize kile kipande na asiogope.

Alisikiliza. Akakaa chini sakafuni. Nikadhani amevutwa, nikamshika mkono. Kumbe anacheka. Amecheka mpaka akalia, akalia mpaka akapaliwa. Alipopata pumzi akasema ile sauti ni ya mama yake.

Mama mkwe! Kikundi chake cha sala hukutana sebuleni kila Alhamisi saa tisa, na busu nililitia sauti Alhamisi moja, saa tisa. Mlango wa nyuma, kwa sababu wa mbele umevimba kwa mvua haufunguki. Kikombe, kwa sababu vyake wageni wamevivunja. Ule ukuta wazi ndio uliopitisha yote, na mimi, spika zikiwa masikioni, sikusikia. Mke wangu akaonyesha ukuta, kisha akaonyesha mahali lilipokuwa godoro langu la mchana. Sikupenda alivyoonyesha.

Akanishauri niseme ukweli, watu wacheke, yaishe. Wanawake hawajui biashara. Nikisema ukweli leo, kesho nani atakuja? Nimeamua kulifuta lile busu na kulitia sauti upya, mara hii na farasi akilia juu yake kuanzia mwanzo hadi mwisho. Wazee hawatasikia kitu. Ukumbi utajaa na hautafungwa.

Saa tisa alasiri nimefanya kazi safi sana. Farasi alilia mpaka nikaona nyota. Sikuwa na muda wa kuisikiliza kwanza, na ya nini? Leo ni Ijumaa. Mke wangu alipita akasema kwa mama yake kuna wageni, ameita kikao cha dharura kuniombea. Nikasema ni vizuri, nikavaa spika zangu, nikaendelea.

Jumamosi, tarehe 14 Machi

Ukumbi ulijaa. Naandika hili la kwanza ili lisisahaulike. Ulijaa mpaka madirishani.

Wazee mstari wa mbele. Mwalimu nyuma yao. Shemeji pembeni, na mfuko wa nailoni ambao nilijua una nini. Katikati kabisa mama mkwe, na kikundi chake kizima. Amesikia kuna filamu inayoiba roho za watu, amekuja kuizuia.

Uwanja wa ndege ukafika. Rubani akamwinamia mchumba. Farasi akalia. Alilia vizuri, niseme ukweli, watu wawili waligeuka kumtafuta. Lakini farasi naye hupumua. Na kila alipopumua, ikatoka sauti, safari hii si ya mbali, maana kuta zote nne zilikuwa uchi. Ikaomba: mkumbuke mkwe wangu, Sauti Saba. Farasi. Ni mvivu lakini hana ubaya. Farasi. Umwondolee usingizi wa mchana. Farasi, mrefu. Umfungulie mlango wa kazi dukani kwa mwanangu. Na kikundi kizima kikaitikia.

Sijawahi kusikia ukumbi ukicheka hivyo. Wazee wa dini zote mbili walikuwa wanashikana mabega wasianguke. Mama mkwe alikuwa wa mwisho kujitambua. Kwanza alimwambia jirani yake kwamba huyo anayeomba anaomba vizuri, ni nani? Jirani yake akamwambia. Basi akasimama, akaufunga upya mtandio wake, akasema yeye hana siri, anakaribisha watu wazi wazi kila Alhamisi, na vikombe ni vikombe tu. Yule mama mwenye mtoto akasema alishasema.

Mwalimu aliumia. Akaondoka bila kuaga, kikombe chake cha moyo kikiwa kimevunjika.

Nikajua nimepona. Ukumbi umejaa, dini ya siri hakuna, kufuli hakuna. Nikapanda jukwaani kushukuru. Shemeji akaniwahi. Akasema mbele ya wazee kwamba dua ya mama yake imesikika, na yeye ni nani aizuie? Mlango wa kazi umefunguka. Akatoa sare. Wazee wakaitikia wote, dini zote mbili, kwa pamoja. Mtu unakataaje dua iliyojibiwa, mbele ya aliyeiomba, ambaye analia kwa furaha na anakuita mwanangu? Nikamtazama mke wangu. Akasema ahadi yake kwangu imetimia, ukumbi ulijaa, yeye hana neno. Lakini la mama yake yeye haliingilii.

Niliivaa palepale. Nilitaka kulia. Nikalia, kwa sauti yangu mwenyewe, na watu wakadhani ni ya nane, wakapiga makofi.

Jumatatu, tarehe 16 Machi

Siku ya kwanza dukani. Kofia inabana. Nimepangwa kona ya nyuma, penye magodoro yale yasiyotoka. Mama mkwe amenitumia salamu: amepata wanakikundi wapya wengi kiasi cha kukosa pa kuwakalisha, na wote wamekuja na vikombe. Kumbe filamu yangu inavuta watu kweli. Hakuna aliyenishukuru.

Asubuhi nzima hakuna mteja. Shemeji akanipitia, akasema mwisho wa wiki atapima nimeuza mangapi, na nisipouza ananihamishia ghalani. Ghala halina hata dirisha. Nikatafakari makosa yangu kwa dhati, nimekaa juu ya godoro la futi sita. Kosa nimelipata: filamu ina sauti, na sauti husikika. Godoro halisemi.

Basi alipoingia mteja wa kwanza nikamnong'oneza, yeye peke yake, tena nikamwapisha, kwamba ndani ya godoro mojawapo humu dukani kuna kitu kimefichwa. Kitu gani sikutaja. Hapo ndipo akili yangu ilipo.

Saa hii naandika nikiwa nyuma ya kaunta. Foleni imefika barabarani! Shemeji amekwenda benki, atakaporudi hataamini macho yake. Wa kwanza kwenye foleni ni kinyozi, na amekuja na wembe.