Ombi la Kuirudisha Mikwaruzo ya Miwani

Kwa Meneja wa Karakana,
kupitia kwa Msimamizi wa Zamu.

YAH: KUSIMAMA KWA JIWE LA KUSAGIA CHUMA

Mheshimiwa Meneja, shikamoo.

Mimi ni karani wa stoo, yule kijana wa dirisha dogo karibu na choo. Msimamizi amenifikishia agizo lako kwamba nieleze kwa maandishi kwa nini jiwe la kusagia chuma halijawashwa tangu Jumatatu, na kwamba maelezo hayo ndiyo yatakayoamua kama nitathibitishwa kazini au nitafungasha. Naeleza kwa unyenyekevu, na uniwie radhi kwa mwandiko. Kosa ni la miwani.

Utakumbuka mafundi waliomba miwani mipya ya kinga, nawe ukabandika tangazo kwamba miwani iliyokwaruzika haijavunjika, stoo itafute njia. Nikaibeba, katoni mbili, nyumbani kwa shangazi yangu, ninakoishi. Shangazi akatoa dawa ya meno, ile nyeupe, nami nikakata fulana yangu kuukuu vipande. Tulisugua katoni ya kwanza, kioo kimoja kimoja, kwa miduara midogo, tukasuuza kwa maji ya vuguvugu. Mkwaruzo unaonasa ukucha hautoki, lakini mingine ilitoka. Watoto wa shangazi sasa wanapiga mswaki kwa chumvi. Sidai chochote.

Jumatatu nikaigawa, na kwa adabu nikamuuliza kila fundi kama anaona vizuri. Matokeo yake ni haya:

1. Mchomeleaji ameuona mtungi wa kuzimia moto. Zamani alikuwa akitundika koti lake pale, hana neno na mtu. Sasa ameona kwamba mshale wa kipimo chake umelala kwenye nyekundu, na anauliza moto ukiwaka tuuzime kwa koti au kwa nini.

2. Fundi wa jiwe ameona kwamba jiwe halina kifuniko. Alipogeuka akakiona kifuniko chenyewe dirishani kwako, kimejazwa udongo na kupandwa ua. Mheshimiwa, ua lenyewe linapendeza, na nilimweleza hivyo. Akaniambia, "Karani, mimi nina macho mawili tu, na yote bado nayatumia." Akazima mashine, akakaa juu ya ndoo. Bado amekaa.

3. Wote wameliona kabati la wageni. Ndani yake mna miwani mipya, bado imo kwenye nailoni, inasubiri wageni. Wanauliza hao wageni ni kina nani na watakuja kusaga nini.

4. Hili nalisema kwa hofu kubwa. Wamekuona wewe. Wameona kwamba ukikatiza karakanani unapita mbio huku umejiziba uso kwa faili. Tangu hapo wanakuja dirishani kwangu kuomba mafaili. Nimewaambia mafaili ni ya watu wa ofisini. Wakaniuliza kama macho nayo ni ya watu wa ofisini. Nikafunga dirisha.

Mheshimiwa, ni dhahiri kwamba mikwaruzo ile ilikuwa ikifanya kazi kubwa hapa bila mshahara. Basi naomba ruhusa ya kuirudisha. Nina msasa mgumu, na shangazi yuko tayari kusaidia. Napendekeza mafundi wa siku nyingi wapewe mikwaruzo mirefu zaidi, maana ndio wanaojua pa kutazama. Waajiriwa wapya wakwaruziwe siku ileile ya kusaini mkataba, kabla hawajazoea mwanga. Na kama itakupendeza, miwani ivaliwe tangu getini, ili hata njia ya kuja kazini isiwape mawazo.

Ukikubali, jiwe litazunguka kesho asubuhi, na mimi nitaweza kumwambia shangazi kwamba nimethibitishwa. Amekwisha kuwatangazia majirani.

Nifikishie salamu kwa mhasibu, kwa katibu wako, kwa dereva na kwa wote wa nyumbani kwako, wakubwa kwa wadogo.

Ni mimi mtumishi wako mtiifu, niliye bado katika majaribio,

Karani wa Stoo

N.B. Nilikuwa nimekwisha kuifunga bahasha shangazi alipofika getini na katoni kichwani, akiuliza mbona nimeisahau miwani tuliyoisugua. Kumbe Jumatatu nilibeba katoni nyingine, ile ambayo hatukuigusa. Nimekimbia kuiangalia miwani ya fundi wa jiwe: mikwaruzo yake iko palepale, yote. Nikamuuliza aliwezaje basi kuyaona yale yote. Amesema, "Mbona tunayaona miaka yote, mdogo wangu. Wewe ndiye wa kwanza kutuuliza." Kwa hiyo, Mheshimiwa, msasa ninao mkononi, lakini sijui tena nikwaruze nini.