Mkono Wangu na Kidevu cha Mheshimiwa

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Nimeingia kwenye filamu! Naandika tena nione inavyokaa: nimeingia kwenye filamu. Wale wanaoniita mshona vifungo waje wanione sasa. Fundi wangu kanipa ruhusa ya wiki moja, na kaniomba nimsalimie mwongozaji. Jana tu alikuwa ananisalimia kwa kidevu.

Filamu yenyewe ni ya mahojiano. Kuna Waziri alifungua daraja, akakata utepe, akalisifu mpaka ndege wakanyamaza. Daraja likaanguka. Tangu hapo anasema si yeye: ni mvua, ni mchanga, ni aliyemtangulia. Sasa kavuliwa uwaziri, kakaa mbele ya kamera za televisheni, mtangazaji anamuuliza na kumuuliza mpaka anakiri. Ndiyo filamu nzima. Jioni moja, chumba kimoja, viti viwili na ua la plastiki.

Mimi ndiye mpambaji. Mahojiano yakisimama kidogo, naingia na poda, namfuta Waziri jasho, natoka. Sina neno hata moja. Lakini namgusa uso Mheshimiwa, kitu ambacho hata walinzi wake hawathubutu.

Doa ni moja tu. Wifi yangu naye kachukuliwa. Dada wa mume wangu, tunaishi naye ukuta kwa ukuta, sasa hata filamu tunagawana. Yeye analeta maji. Na kapewa maneno! Anasema, "Maji, Mheshimiwa." Mawili tu, lakini njia nzima ya kurudi nyumbani aliyasema kwa sauti tofauti tofauti, mpaka mbwa wa jirani akaingia uvunguni.

Mama mkwe katupokea akiwa hoi. Wiki hii anatulelea watoto wote wawili, Bonge wangu wa miaka mitatu na kitoto cha wifi kinachotambaa. Kasema wiki hii tu. Kampuni ikituita tena kwenye filamu ijayo, atalea mmoja. Mgongo wake ni mmoja, na atambeba mtoto wa yule mwenye kazi ya kweli. Asiyesikika akisema kitu kwenye filamu, huyo alikuwa anapita njia, na wapita njia hulea wenyewe.

Nikamwambia mimi pia nina maneno. Machache lakini mazito.

Nitayapata wapi sijui. Ila nimeshayatangaza.

Jumanne, tarehe 5 Machi

Mpango wa kwanza. Nimeufikiria nikiwa nampikia Bonge uji, saa ambayo akili yangu huwa kali.

Mwenye maneno mawili akikosea mbele ya watu, ananyang'anywa. Na yakinyang'anywa yatampata aliye karibu. Nani yuko karibu? Mpambaji.

Basi nikaijaza glasi ya wifi hadi ukingoni. Sikutia kitu kibaya, mimi si mtu wa hivyo. Nilitia maji tu, mengi. Kamera zikawaka, wifi akaja anatembea kama amebeba yai la mfalme, akasema maneno yake vizuri (nakiri), akainama, maji yote yakamwagikia Waziri mapajani.

Nikasogea mbele hatua moja, tayari kupokea maneno.

Mwongozaji, ambaye sote tunamwita Bwana Kata kwa sababu ndilo neno lake kubwa, hakukata. Alijipiga kofi gotini kwa furaha. Alisema hicho ndicho alichokosa: mtu aliyeogopwa nchi nzima, leo anamwagiwa maji na mhudumu. Akaamuru ibaki hivyo hivyo. Na mhudumu aombe radhi.

Kwa hiyo wifi sasa anasema: "Maji, Mheshimiwa. Samahani, Mheshimiwa."

Maneno manne! Nimemwongezea mimi, kwa mkono wangu.

Mume wangu kaniuliza usiku mbona sili. Nikamwambia waigizaji huwa hatuli sana.

Jumatano, tarehe 6 Machi

Mpango wa pili. Kama sina maneno, basi nionekane mpaka watu waulize yule ni nani. Kamera ikimsogelea Waziri, kinachobaki kwangu ni mkono. Basi mkono upendeze. Jana jioni nilipaka kucha rangi nyekundu, ile ya harusi yangu, bado ilikuwa nusu chupa. Leo nikaingia nimeushika mkono kifuani kama mtu aliyevunjika.

Kwenye filamu kuna mtu sikuwa namjua umuhimu wake. Tunamwita Dada Picha. Kazi yake ni kupiga picha kila kitu, tai imelala vipi, maji yamefika wapi, nywele zimeangukia upande gani. Kwa sababu sisi tunapiga wiki nzima, lakini mtazamaji ataona jioni moja. Cha leo lazima kifanane na cha jana.

Kanishika kidole, kakitazama, kaitazama picha yake ya juzi. Kauliza, taratibu kabisa, kama huyu mpambaji huota kucha nyekundu katikati ya swali moja na jingine.

Watu walicheka. Wifi alicheka akakaa chini.

Nikapelekwa pembeni na pamba na dawa ya kutolea rangi, nikasugua huku watu wote na taa zao wakinisubiri. Lakini niseme ukweli: wote walikuwa wananisubiri mimi. Waziri mwenyewe hajawahi kusubiriwa hivyo.

Narudi nyumbani, nakuta Bonge kaipata ile chupa. Kaupaka ukuta. Ukuta wote wa upande wa wifi una michirizi myekundu, na Bonge yupo pale na brashi mkononi, anautazama ukuta kwa mshangao kama mgeni.

Sikupiga kelele. Huwa sipigi. Nikampigia magoti, nikamshika kidevu, nikamgeuza. Nikasema kama ninavyosema kila siku:

"Nitazame mimi. Usitazame ukuta, ukuta haujakosa kitu. Nani kafanya?"

Midomo ikatetemeka. "Mimi, mama."

Nikamkumbatia, kisha nikampa kitambaa asugue. Kwetu ukishakiri hupigwi, ila unasugua.

Wifi akaniigiza toka upande wa pili wa ukuta, neno kwa neno, kwa sauti yangu hasa. Mama mkwe akacheka. Nimewasamehe, kwa sasa.

Alhamisi, tarehe 7 Machi

Niandike kwa utaratibu.

Leo ilikuwa zamu ya Waziri kukiri. Anayeigiza ni Mzee Ngurumo, mtu mkubwa wa jukwaani, akikohoa tu mapazia yanasogea. Kumbe kukiri hajui. Mtangazaji anamuuliza nani aliyesema daraja lifunguliwe, naye anajibu "Mimi" kama anatangaza timu iliyoshinda. Bwana Kata anakata. Wanarudia. Wifi anamwaga maji, anaomba radhi, mimi naingia na poda, natoka, "Mimi!" Kata. Suruali kavu, maji upya. Hata ua la plastiki lilionekana limechoka.

Mimi nilikuwa nimechoka kuliko ua. Bonge ameota jino la nyuma, sijui usingizi una ladha gani. Nikawa naingia na kutoka macho wazi, akili imelala.

Sasa, Mzee Ngurumo haipendi poda. Inampigisha chafya. Kila nikisogea anageuza uso anautazama ukuta. Na safari ile nikasogea, akageuka, akautazama ukuta. Mkono wangu ukaenda wenyewe. Ukamshika kidevu. Ukamgeuza.

"Nitazame mimi," nikasikia mtu anasema. "Usitazame ukuta, ukuta haujakosa kitu. Nani kafanya?"

Mtu huyo alikuwa mimi.

Kamera zinazunguka. Mzee Ngurumo kanitazama, na lile jicho lake la ufalme likaanza kujaa, na midomo, naapa, ikatetemeka kama ya Bonge.

"Mimi," akasema. Kwa sauti ndogo kabisa. "Waliniambia zege la daraja halijakomaa. Mimi ndiye niliyesema lifunguliwe."

Kidogo nimpe kitambaa asugue.

Bwana Kata alisahau neno lake. Dada Picha ndiye aliyelisema mwishowe, huku analia. Kisha Bwana Kata akanijia, nikajua nafukuzwa, nikaanza kukusanya poda. Akasema hilo halirudiwi. Hilo ndilo. Akauliza nani kaniandikia maneno yale. Nikamjibu nimeyaandika mwenyewe, siku nyingi, nilikuwa nasubiri nafasi. Nikajiona nimerefuka.

Mzee Ngurumo akanishika mkono nikitoka. Akasema mama yake alikuwa anamshika vile vile. Hapo nikamfuta jasho, ingawa kamera zilikuwa zimeshazimwa.

Nyumbani nikasimama katikati ya ukumbi, nikamtangazia mama mkwe: maneno tisa. Nimeyahesabu. Wifi ana manne.

Wifi akasema, polepole, anakunja nepi, kwamba mimi sikuvalishwa kile kinasa sauti cha shingoni. Wanavalishwa wenye maneno.

Wivu ni ugonjwa.

Jumatatu, tarehe 11 Machi

Si wivu. Ni kweli. Sauti yangu ilisikika kwa mbali kama mtu anayeongea akiwa ndani ya pipa. Nikaitwa kwenye chumba cha kurekodi niyaseme upya, wayabandike. Wifi kaitwa pia, kwa manne yake.

Nilijiandaa. Jumamosi na Jumapili zote nilijifunza kusema vizuri. Maana siku ile nilisema kama mtu wa jikoni, na hii itasikika ukumbi mzima. Nikanyoosha shingo. Nikatia pumzi. Nikasema "Nitazame mimi" kwa sauti ya malkia anayefungua bunge.

Bwana Kata akaniomba niseme kama siku ile. Nikaongeza umalkia kidogo, nikidhani hajasikia. Akaniomba nimfikirie mtoto. Nikamfikiria mtoto wa malkia. Akavua miwani akafuta macho, lakini si kwa machozi.

Akaniambia kwa upole kwamba siku ile sikuwa naigiza. Nikamjibu ndiyo maana leo naigiza, nirekebishe.

Wifi alikuwa kakaa pembeni. Akasema, bila hata kusimama, "Huwa anasema hivi." Na akasema. Kwa sauti yangu! Ule uchovu wangu, ile "haujakosa kitu" inavyoshuka mwishoni kama mtu anayetua ndoo. Bwana Kata akasahau neno lake tena, kama Alhamisi.

Wakabandika hiyo.

Kwa hiyo hesabu imesimama hivi: maneno yangu, mkono wangu, sauti ya wifi. Yeye sasa anasikika maneno kumi na matatu. Mimi sina.

Sikulia njiani. Nililia bafuni, maji yakiwa wazi, kisha nikanawa uso nikatoka. Niliwashonea vifungo wateja wote wa fundi kwa hasira. Havitatoka milele.

Jumamosi, tarehe 15 Juni

Leo ndiyo wameionyesha, kwa sisi tulioifanya na familia zetu. Nilivaa gauni la kijani. Mama mkwe kakaa katikati kama hakimu, wifi kulia kwake na kitoto chake, mimi kushoto na Bonge mapajani. Nilikuwa nimeshakubali kushindwa. Wifi atasikika, mimi nitarudi kwenye vifungo na Bonge chini ya meza ya fundi, anakula nyuzi.

Taa zikazimwa. Wifi akamwaga maji, ukumbi ukacheka, akaomba radhi. Mama mkwe akatikisa kichwa kwa kuridhika. Mimi nikatazama viatu vyangu.

Kisha ikafika. Uso wa Waziri umeijaza skrini nzima, jasho, anautazama ukuta. Mkono ukaingia. Mkono wangu! Kucha tupu, alama ya sindano kwenye kidole cha shahada, mkubwa kama mlango. Ukamshika kidevu, ukamgeuza. Na sauti ikasema, "Nitazame mimi. Usitazame ukuta, ukuta haujakosa kitu. Nani kafanya?"

Hata kitoto cha wifi kilinyamaza.

Na Bonge, mapajani kwangu, kabla Waziri hajafungua mdomo, akasema kwa sauti iliyofika safu ya nyuma:

"Mimi, mama."

Akageuka. Hakumtazama shangazi yake. Alinitazama mimi, machoni, kama nilivyomfundisha. Akanionyesha hereni ya bibi yake, ilikuwa mfukoni mwake toka asubuhi.

Ukumbi ulipasuka. Mzee Ngurumo, safu ya mbele, alisimama akampigia makofi. Wanasema kukiri kwa Waziri hakukusikika, ikabidi warudishe nyuma. Mimi sikuona, nilikuwa nimezika uso kwenye nywele za mwanangu, na nilikuwa najivuna mpaka mbavu zinauma.

Nje, mama mkwe akavaa hereni yake na kutoa hukumu. Sauti ni ya binti yake, anaijua, kaizaa mwenyewe. Lakini mtoto hadanganywi na sauti. "Aliyesema pale ni Mama Bonge," akasema. "Bonge nitamlea mimi."

Wifi hakubisha. Alikipandisha kitoto chake begani, akatazama upande. Akautazama ukuta.

Nikasema na chake kilelewe. Mama mkwe akauliza kwa mgongo gani. Nikamwambia Bonge anatembea, hahitaji mgongo, anahitaji macho tu. Akanung'unika, akakubali. Wifi akanishika kiwiko, akasema, "Haya, Mama Bonge," na kwake hiyo ni hotuba.

Wala si huruma. Mkono bila sauti haufiki mbali, nami ninayo mipango.

Jumapili, tarehe 16 Juni

Bwana Kata katuma ujumbe. Filamu ijayo ni ya daktari wa upasuaji anayeficha siri. Wanautaka tena mkono wangu. Mkono tu, kasisitiza, na chini yake kaongeza: usiseme kitu mpaka uchoke kama Alhamisi ile.

Nimeelewa. Ananiogopa nisimfunike mwigizaji mkuu.

Nimeshaandaa maneno ya daktari, ishirini na mawili, na leo nimeyafanyia mazoezi kwa sauti ya malkia. Safari hii malkia mwenye mafua kidogo, ili iwe ya kawaida. Wifi kagonga ukuta nikaichukulia kama makofi.

Na kwa kuwa ni filamu mpya, hakuna picha ya jana ya kufananisha. Nimemtuma mume wangu dukani. Rangi ya kucha, chupa nzima, nyekundu.