Lalamiko Dhidi ya Mlango Unaofunguka

Mheshimiwa Mwenyekiti,
Chama cha Mafundi wa Bodi za Magari.

YAH: MLANGO WA ABIRIA ULIORUDISHWA VIZURI KUPITA KIASI

Natumaini hujambo, wewe na mafundi wote walio chini yako, pamoja na wale walio chini ya magari. Mimi ni mzima, isipokuwa goti na heshima. Goti ni la uzee. Heshima ameichukua mwanachama wako, ambaye kwa bahati mbaya ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu wa tumbo moja, na ndiyo sababu nakuandikia wewe badala ya kumchapa.

Shule niliishia pale walipoanza kuchanganya hesabu na herufi. Ukikuta neno limekaa upande, liache hivyo hivyo. Mpwa wangu angelinyoosha, na hapo ndipo ugomvi wetu ulipo.

Nina gari la zamani, lile la boneti ndefu na taa za mviringo, nililokuwa nalo kabla sijawa na mke. Nilimpelekea aniondolee kutu kwenye madigadi, basi. Yeye akalivua nguo zote: milango, boneti, buti, madigadi, akaviegemeza ukutani kama wagonjwa wanaongoja daktari. Akanyoosha, akapaka rangi, akavirudisha. Malalamiko yangu ni haya:

1. Boneti sasa inafunga kimya. Zamani nikiibamiza, mtaa mzima ulijua mzee anatoka, na wenye kuku wakaita kuku wao. Juzi jirani alinisalimia kwa mshituko. Alidhani nimeshazikwa.

2. Nafasi kati ya mlango na madigadi imekuwa sawa juu hadi chini, ukucha tu ndio unapita. Zamani pale juu palipita kidole, na ule upepo ndio ulionizuia kusinzia njiani. Nilipomuuliza akanijibu, "Mjomba, gari limenyooka." Limenyooka! Nani aliomba linyooke? Mwenye gari mwenyewe amepinda.

3. Mlango wa abiria. Hapa, Mheshimiwa, naomba ukae kitako.

Ujanani nilirudi kinyumenyume mlango huo ukiwa wazi, ukagonga nguzo ya geti. Bawaba ikapinda, mlango ukalala. Tangu hapo haukufunguka kwa ndani. Ilibidi nishuke, nizunguke, niunyanyue kwa goti huku navuta kitasa. Siku ya kwanza nilipomrudisha mke wangu kwao, wakati huo akiwa bado binti wa watu, baba yake alikuwa anachungulia dirishani. Akaniona nashuka mbio, nazunguka, nainama, namfungulia. Akasema, "Huyu kalelewa." Kwa hiyo posa yangu ilikubaliwa na bawaba.

Miaka yote hiyo mke wangu amekuwa akikaa ndani ya gari akingoja, mkoba mapajani, kama malkia. Dada zake wamewasimanga waume zao kwa mfano wangu. Wanaume hao hawanipendi mpaka leo, nami nilikuwa nalifurahia jambo hilo kuliko chakula.

4. Fundi anayejua kazi, kabla ya kung'oa mlango, huchora mstari kwa msumari kuzunguka bawaba, ili ikirudi ikae palepale ilipokuwa. Mpwa wangu alichora, mstari nimeuona kwa macho yangu. Kisha akaudharau! Akanyoosha bawaba, akapachika vibati vyembamba nyuma yake, akasogea mbali, akafumba jicho moja, akarudi kulegeza nati, akakaza tena, hadi mlango ukafunguka kwa kidole kimoja. Mstari ukabaki pembeni, hauna kazi, kama mimi.

5. Kubwa kuliko yote: mke wangu alimpelekea chai gereji, nami nimesimama palepale, na mpwa wangu kwa mdomo wake usio na breki akamwonyesha bawaba. "Mama, hii ndiyo iliyokuwa inakufungia ndani. Mjomba alikuwa hana njia, lazima azunguke." Mke wangu akaitazama bawaba, akanitazama mimi, akasema neno moja tu: "Kumbe!"

Mheshimiwa, umewahi kuambiwa "kumbe" na mwanamke uliyezeeka naye? Afadhali kubamizwa na boneti. Tangu siku hiyo nikizima injini nakuta ameshashuka, yuko mlangoni kwa watu anapiga hodi. Mimi nabaki nalizunguka gari peke yangu kama mwizi wa matairi.

6. Tena tazama mbele. Leo ni mlango wangu. Kesho vijana wako watanyoosha bawaba za mji mzima, na kila mwanamke atajua kama aliolewa na muungwana au na mlango mbovu. Nyumba ngapi zitabaki zimesimama? Chama chako kina bati la kutosha kuziba hapo?

Kwa hiyo naomba uamuru mlango ung'olewe upya, bawaba ipindwe kama ilivyokuwa, irudishwe kwenye mstari wa msumari. Mpwa wangu akishindwa kupinda, nguzo ya geti bado ipo, na mimi kurudi kinyumenyume sijasahau.

Nisalimie wajumbe wote, mama watoto wako, na yule mlinzi wenu anayelala vizuri. Mpwa wangu usimsalimie.

Ni mimi, mwenye goti na madai,
Mzee wa Gari la Bluu

Nyongeza: Barua hii niliiacha mezani nikaenda kutafuta bahasha. Niliporudi niliikuta imekunjwa vizuri kuliko nilivyoikunja mimi. Jioni mimi na mke wangu tukaenda kwa dada yake. Nikazima injini, nikashuka, goti likalia, nikatazama mlangoni kwa shemeji: hakuna mtu. Kumbe yumo garini bado, mkoba mapajani, anatazama mbele kama hajui kitasa ni nini. Nikamuuliza dirishani kama mlango umekwama tena.

Akasema, "Haujakwama. Nangoja nijue ilikuwa bawaba au ulikuwa wewe."

Nikauwekea goti kwa mazoea, ndipo nikafungua kwa kidole kimoja.

Basi yote niliyoandika huko juu yafute. Naituma tu kwa sababu bahasha imeshapatikana. Mlango ubaki ulivyo, mtu asiuguse. Na mpwa wangu msalimie.