Chujio Lililolindwa Dhidi ya Vumbi

Kwa Waraka Namba Saba, uliosomwa uani mbele ya wafanyakazi wote wakiwa wima, Idara ya Maji ilitangaza kuwa chujio la hewa la lori lake kuukuu la dizeli lilikutwa chafu na Kamati ya Usafi wa Mali, likang'olewa. Chujio jipya lingehifadhiwa katika kabati la Mkurugenzi, ndani ya mfuko wa plastiki, na lori lingeendelea na kazi.

Fundi mkuu alisikiliza hadi nukta ya mwisho. Lori hilo ndilo pekee lililopeleka maji hospitali ya mlimani, ambako mkewe alikuwa mkunga. Siku lisipopanda, wazazi watatu waligawana ndoo moja.

"Mheshimiwa, chujio kazi yake ni kuchafuka," alimwambia Mkurugenzi. "Likikaa kabatini, vumbi linaingia kwenye injini. Linasaga ringi za pistoni kama msasa."

"Una ushahidi wa maandishi, Fundi?"

"Nina injini."

"Injini si maandishi."

Wiki ya tatu moshi ukawa wa buluu, na oili ikawa haikai.

"Shemeji," alisema dereva, mdogo wa mkewe, "hili siku hizi haliupandi mlima. Linaubembeleza."

Mkurugenzi akaamua kujionea mwenyewe. Alipanda lori likiwa limejaa maji, akaketi kati ya hao wawili. Kabla ya kona ya kwanza vumbi lilimjaa kooni. Akatoa leso nyeupe yenye nembo ya Idara, akajifunga puani.

Fundi aliitazama kwa adabu. "Samahani, Mheshimiwa. Hiyo leso haitachafuka?"

Mkurugenzi aliikaza leso. Nusu ya mlima injini ilijibu kwa niaba yake: ilitoa moshi, ikaishiwa nguvu, ikazima, wala haikuwaka tena.

Fundi na shemeji yake walifungua bomba la tangi, wakajaza ndoo nne, wakapanda kwa miguu. Walikwenda na kurudi hadi jioni. Kisha fundi, aliyekuwa amejifunza thamani ya maandishi, aliandika ripoti ya mstari mmoja na kuipeleka kwenye Kamati.

Waraka Namba Nane ulisomwa Jumatatu, uani, wote wakiwa wima. Leso ya Idara ilikutwa chafu. Mpya ingehifadhiwa kabatini, kando ya chujio, na Mkurugenzi angeendelea na kazi.

Mkurugenzi alikohoa, akatia saini.