Agizo la Kusimama Mkuu Akianguka

Kwa heshima na taadhima, umma unatangaziwa kwamba Idara yetu ya Vibali sasa ina utaratibu rasmi wa kuanguka.

Wazo lilitoka kwenye kompyuta kubwa ya idara, iliyozima ghafla tukiwa kazini. Fundi akamweleza Mkurugenzi, yaani Mkuu wetu, kuwa mashine ile ina vichakataji vingi, kama watumishi wa ofisi moja. Mfumo ukianguka kwenye kichakataji kimoja, hicho huvisimamisha vingine kwanza, mapema kabisa, visije vikavuruga kumbukumbu. Kisha chenyewe, peke yake, huandika taarifa ya ajali.

"Mnaona!" Mkurugenzi akapiga meza. "Mashine ina adabu kuliko nyie!"

Mimi, Afisa Mwandamizi wa Utaratibu, nikaliandika agizo. Mkuu akianguka, watumishi wote wasimame tuli pale pale walipo. Yeye peke yake aendelee na kazi. Na amri zozote za aliyeanguka zipuuzwe, maana mfumo ulioanguka hauaminiki. Mkuu akatia saini huku akivaa koti. Njaa ilikuwa inamuuma.

Ikafika siku ya ziara ya Waziri. Idara nzima ilijua kuwa Mkuu akimpendeza, anapanda kuwa Katibu Mkuu, na mkewe alishanunua mapazia ya nyumba mpya. Asubuhi hiyo Mkuu akapanda kiti cha magurudumu kuinyoosha picha yake ukutani.

Puu!

"Mkuu kaanguka!" akapaza sauti sekretari. Tukasimama wote. Dereva alikuwa ameinua mguu mmoja, akabaki hivyo hivyo. Machozi ya fahari yalinilengalenga.

"Niinueni, mguu umeteguka!"

Dereva akayumba kwa mguu wake mmoja, asiushushe wa pili.

"Jamani, mbona mnanikodolea macho? Nalifuta agizo!"

"Samahani, Mkuu," nikasema. "Umeanguka. Hatuwezi kukuamini."

"Mwenyewe ulituambia, bosi," dereva akaongezea, jasho likimtiririka.

Mkuu akatutukana matusi ya kila aina, kisha akatambaa hadi ukumbi wa wananchi. Foleni ilikuwa imezunguka nguzo. Mbele kabisa alisimama mama muuza mitumba.

"Mama, nipe mkono."

"Pole, baba. Hawa mabubu huko ndani nani kawasimamisha?"

"Mimi."

"Kumbe anayefanya kazi humu ni wewe tu! Haya, nigongee mhuri kwanza. Nimechoka na hizo 'njoo kesho' zenu."

"Mama, naumwa!"

"Na mimi miguu inaniuma tangu nianze kusimama hapa. Gonga, baba, nikuinue."

Mkuu akauvuta mhuri wa dirishani, akagonga. Mama akamwinua kidogo, akamwegemeza ukutani, lakini wa pili alishaziba njia na karatasi yake. Akagonga tena. Foleni ikaanza kutembea, jambo ambalo wengine wetu hatukuwahi kulishuhudia.

Waziri alipoingia alimkuta Mkurugenzi sakafuni, shati limelowa, mhuri mkononi, wananchi wakimshukuru. Waziri akavua miwani, akaifuta.

"Huyu mlitaka nimpandishe cheo?" akauliza kwa uchungu. "Nimfungie ofisini, wananchi wabaki na nani? Haiwezekani! Kuanzia leo huyu ni wa dirishani, mpaka astaafu."

Mkuu akaangua kilio. Waziri akasema ni machozi ya uzalendo, na sisi tuliokuwa tumesimama hatukuwa na mamlaka ya kupinga.