Mlima wa Maziwa

Jamleck alimwona ng'ombe kabla ya kumwona mwenye ng'ombe. Ng'ombe mwenyewe alikuwa mweusi kwa mweupe, amesimama nyuma ya ua pale Bahati kwa madaha ya mke wa mbunge. Na Jamleck alikuwa na shida ya ng'ombe. Jumamosi alitakiwa kumpelekea babake Sue, mchumba wake, kule Elburgon, ng'ombe wa maziwa. Bila ng'ombe, hakuna Sue. Mfukoni alikuwa na upepo mtupu, lakini kwenye pikipiki kulikuwa na katoni ya unga wa mifugo na grafu moja tamu.

"Mathe, sasa! Ona huu mstari. Ni maziwa. Huku chini, kabla ya unga wangu. Kule juu, wiki moja baadaye."

Mstari ulipanda kama Longonot. Na tusimsingizie kijana wa watu: hakudanganya hata namba moja. Mhimili wa kusimama ulianzia lita kumi badala ya sufuri, na kutoka mraba hadi mraba ni kijiko cha chai. Mlima mzima haukujaza kikombe. Lakini nani husoma vinamba vya pembeni wakati mlima unamtazama?

"Wuui!" Mama Wangechi, mwenye ng'ombe, akashika kifua. "Hii ni kupanda ama kupaa?"

"Kupaa, mathe. Tubadilishane: katoni nzima kwa huyo ng'ombe. Na hapo mimi ndiye naumia."

"Pole. Lakini wangu pia ana grafu yake." Akaingia ndani, akatoka nayo. "Maziwa yake, miaka yote. Jionee mwenyewe, mimi sisemi kitu."

Mstari ulianzia chini kushoto, ukaenda kugonga kona ya juu kulia. Jamleck akameza mate.

"Huyo hatoki kwa katoni peke yake," mama akasema. "Ongeza pikipiki."

"Pikipiki yangu?"

"Kwani ng'ombe utampakia hapo nyuma, umvalishe helmeti?"

Jumamosi Jamleck alifika Elburgon na ng'ombe, bila pikipiki. Mbele ya wazee, Mzee Naftaly, babake Sue, alichuchumaa na ndoo. Akakamua. Akakamua tena. Ndoo ikabaki kavu.

"Kijana, huyu ng'ombe tulibatizwa naye mwaka mmoja?"

"Mzee, tazama grafu!"

Naftaly akavaa miwani, akaanza na kile ambacho Jamleck hakukisoma: miaka, kwenye mhimili wa chini.

"Kushoto kabisa ni mwaka huu. Kulia kabisa ni 2016. Hii miaka inarudi nyuma, mwanangu. Maziwa yapo, ila ni ya zamani."

Wazee wakakohoa kwa heshima. Sue akajificha nyuma ya leso, mabega yakitetemeka kwa kicheko.

"Lakini ng'ombe ni ng'ombe," Naftaly akasema, akikunja karatasi. "Nimempokea. Sue utamwoa."

"Asante, mzee! Lini?"

"2016. Usichelewe."